Mageuzi ya Mwalimu Nyerere katika Tanzania na Yaliyosalia Baada Yake

Tanganyika ilipopata uhuru wake tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Mwingereza ilishushwa usiku mmoja tu. Lakini maadui watatu ambao Mwalimu Julius Nyerere hakuchoka kuwataja katika hotuba zake, yaani ujinga, umaskini na maradhi, hawakushuka pamoja na bendera ile. Nchi ilikuwa kubwa, watu wake wametawanyika, mvua zake si za kutegemewa, na walio wengi mno katika watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Habari inayofuata ni ya kazi aliyoifanya Rais huyo kwa muda wa miaka ishirini na zaidi ili kuwapiga vita maadui hao, na ya yale yaliyosimama na yale yaliyoanguka. Imekwisha kuelezwa mara nyingi na wanaomsifu na wanaomlaumu, na kila kundi huchukua nusu yake. Yafaa nusu zote mbili zitazamwe pamoja, kwa kuwa mtu aliyetenda ni mmoja na miaka ni ile ile.

Nyerere alizaliwa Butiama mwaka wa 1922, mtoto wa chifu wa Wazanaki. Akasoma Tabora, kisha Makerere, kisha Edinburgh katika Uskochi, akarudi kuwa mwalimu wa shule ya Pugu karibu na Dar es Salaam. Chama cha TANU kilipoundwa tarehe 7 Julai 1954 yeye ndiye aliyekuwa rais wake, na mwaka uliofuata akaacha kazi ya ualimu ili asitumikie mabwana wawili. Jina la Mwalimu halikumwacha. Alikuwa Mkatoliki mwenye kushika dini yake, lakini mji uliompokea ulikuwa mji wa Waislamu. Abdulwahid Sykes na Dossa Aziz walimfungulia nyumba zao. Sheikh Hassan bin Amir alikuwa pamoja naye. Bibi Titi Mohamed aliwatoa wanawake majumbani wakajaa viwanjani. Na Sheikh Suleiman Takadir aliliongoza baraza la wazee wa chama. Jambo hili lafaa likumbukwe mapema, kwa sababu wazee wale hawakutoka kwa ajili ya bendera peke yake. Walikuwa na watoto, na watoto wale walikuwa na shida ya shule.

Wakati wa Mwingereza, shule nyingi zilizopata msaada wa Serikali zilikuwa mikononi mwa misheni. Shule za Serikali yenyewe zilikuwako, lakini chache. Basi mzazi Mwislamu wa bara au wa pwani alisimama njia panda: ama ampeleke mwanawe misheni na usiku asilale kwa kuiogopea imani yake, ama ambakize chuoni ahifadhi Kurani, na baadaye amwone akipitwa na wenzake katika kazi za ofisi. Jumuiya ya Maslahi ya Waislamu wa Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa Mombasa mwaka wa 1945 kwa juhudi za Aga Khan, ilijenga shule na misikiti katika nchi zote za upande huu, Tanganyika, Kenya na Uganda, na kazi yake ilikuwa kubwa. Hata hivyo haikuweza kuziba pengo lililochimbwa kwa miaka sabini.

Serikali mpya ilianza kwa kufuta shule za kubagua rangi, Mzungu kwake, Mhindi kwake na Mwafrika kwake. Kisha likaja jambo kubwa zaidi. Mwishoni mwa Januari 1967 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Mabenki na makampuni makubwa yakawa mali ya umma. Kiongozi wa chama au Serikali akakatazwa kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika kampuni, au kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwezi wa Machi mwaka ule ule Rais akatoa maandiko yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, akasema jambo ambalo wengi walilijua na hawakupenda kulisema: kwamba shule ya msingi ilikuwa ikimtayarisha mtoto kwa mtihani wa kwenda sekondari, hali watoto walio wengi hawaendi huko asilani. Wanarudi mashambani wakijiona wameshindwa. Akataka shule ya msingi iwe elimu iliyokamilika yenyewe, yenye shamba lake na kazi za mikono, ili atokaye pale asilione jembe kuwa ni adhabu.

Kwa Waislamu, sheria iliyowagusa zaidi ilikuwa Sheria ya Elimu ya mwaka wa 1969. Kwa sheria hiyo shule zilizokuwa zikiendeshwa na mashirika ya dini kwa msaada wa Serikali zilitiwa chini ya Serikali yenyewe, na mtoto wa dini yoyote akaweza kuingia. Vipindi vya dini vikaachwa, kila kundi na mwalimu wake. Milango ambayo watoto wa Kiislamu walikuwa wakiitazama kwa mbali ikafunguliwa kwa kalamu moja. Lakini kabla ya hapo, Desemba 1968, ile Jumuiya ya Maslahi ilikuwa imepigwa marufuku katika Tanzania, na mahali pake pakawekwa Baraza Kuu la Waislamu, BAKWATA. Waliosema kwamba Jumuiya ile iligawanyika na kwamba ilikuwa na uongozi wa nje walikuwa na hoja yao. Na waliosema kwamba Waislamu walinyimwa chombo walichokijenga kwa fedha zao na kupewa kingine ambacho hawakukichagua walikuwa na hoja yao pia, na uchungu wake haujaisha. Mkono mmoja ulitoa na mkono wa pili ukachukua. Anayetaka kuipima haki kwa mizani sawa hana budi kuviweka vyote viwili.

Sasa tuje kwenye kazi iliyo bora kuliko zote, nayo ni ile ya kuwafundisha watu wazima. Usiku wa kuamkia mwaka wa 1970 Rais alihutubia taifa kwa redio, akautangaza mwaka ule kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Watoto wakisomeshwa leo, alisema, faida yao itaonekana baada ya miaka mingi. Lakini nchi haiwezi kungoja, kwani wanaolima, wanaozaa na wanaoamua mambo ya leo ni watu wazima. Hesabu ya watu ya mwaka wa 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba katika kila watu wazima 100, takriban 67 hawajui kusoma. Zikachaguliwa wilaya chache za kuanza nazo, vikiwemo visiwa vya Mafia na Ukerewe, na mwaka wa 1971 mkutano mkuu wa TANU ukaamua kwamba ujinga wa kutojua kusoma ufutwe nchi nzima hata ifikapo mwisho wa 1975.

Kabla ya hapo, tangu 1968, mikoa ya kando ya Ziwa Viktoria ilikuwa imekwisha kufanyiwa majaribio kwa msaada wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Elimu, Sayansi na Utamaduni, makao yakiwa Mwanza. Huko ndiko kulikopatikana siri ya jambo. Mtu mzima hafundishwi kama mtoto. Ukimwekea kitabu cha sungura na fisi atakuvumilia siku mbili, kisha hatarudi. Basi vikatungwa vitabu vya kusomea vilivyozungumza juu ya pamba kwa wakulima wa pamba, juu ya migomba kwa wenye migomba, juu ya samaki kwa wavuvi na juu ya ng'ombe kwa wafugaji. Neno la kwanza alilojifunza mtu kuliandika lilikuwa neno la kazi yake. Kikaitwa kisomo chenye manufaa, na wananchi, kwa mzaha wao wa kawaida, wakaliita darasa lile ngumbaru, na jina likashika.

Madarasa yalikuwa popote penye kivuli au taa. Asubuhi shule ilikuwa ya watoto, alasiri madawati yale yale yakakaliwa na baba zao na mama zao, magoti yakigota ubaoni kwa udogo wa dawati. Wengine walisoma chini ya mwembe, wengine barazani, wengine usiku kwa kandili baada ya kazi za shamba. Walimu wengi hawakuwa walimu wa kazi. Walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba, makarani, maafisa wa kilimo, wanafunzi wa shule, na kila aliyejua akaombwa amfundishe asiyejua. Wengi walipata posho ndogo tu, na mara nyingine haikufika. Pwani palitokea jambo la kupendeza. Mzee aliyekuwa akiandika barua zake za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu tangu utoto, mwenye kuyajua mashairi na mirathi, alikaa benchi moja na mtu asiyejua alifu wala be, akaanza upya na a, e, i, o, u. Hakuwa mjinga mzee yule. Lakini risiti ya ushirika, karatasi ya kura na tangazo la mkuu wa wilaya vilikuwa vimeandikwa kwa herufi asizozijua, na kwa hiyo mbele ya karatasi zile alikuwa sawa na kipofu. Wengine walikuwa na herufi na akili, lakini macho yalikuwa yamechoka na miwani haikupatikana.

Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume katika madarasa haya. Hili liliwashangaza waliozoea kusema kwamba mwanamke wa shamba hana haja ya kusoma. Haja alikuwa nayo. Kilichokosekana ni mtu wa kumwuliza. Alitaka kusoma barua ya mumewe au ya mwanawe aliye mjini bila kumpelekea jirani aisome na siri ya nyumba itoke nje. Alitaka kujua mizani ya pamba imesema nini. Sababu kama hizi hazipatikani katika hotuba, lakini ndizo zilizojaza madawati.

Mwezi wa Agosti 1975 ukafanywa mtihani wa nchi nzima, na watu zaidi ya milioni 5 walikuwa wamejiandikisha madarasani. Kulikuwa na hatua nne. Aliyefika ya nne alikuwa mtu awezaye kusoma gazeti, kuandika barua na kuweka hesabu za kazi yake. Kwa hesabu za Serikali, wasiojua kusoma walishuka mpaka 39 katika mia mwaka ule, wakawa 27 mwaka wa 1977, 21 mwaka wa 1981, na mwaka wa 1986 hawakutimia 10. Hata mtu akizipunguza hesabu hizi kwa tahadhari, kwa kuwa aliyetunga mtihani ndiye aliyetangaza matokeo, bado ni jambo ambalo nchi chache maskini zimelifanya kwa muda mfupi kama ule.

Pamoja na kisomo zilikuja kampeni za redio. Kampeni kubwa kuliko zote ilikuwa ile ya 1973 iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi kila wiki kwa muda wa miezi mitatu hivi, wakasikiliza redio, mmoja wao akawasomea kijitabu, wakajadiliana, kisha wakatenda. Walichotenda kilikuwa kufyeka majani, kufukia madimbwi ya mbu, kuchemsha maji na kuchimba vyoo, na vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu. Msomaji asicheke kwa kutajwa choo. Dini iliyofanya tohara kuwa nusu ya imani haiwezi kulidharau jambo hilo, na watoto waliokuwa wakifa kwa kuhara hawakufa kwa kukosa hotuba. Mwaka wa 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai, kwa namna ile ile ya kukaa, kusoma na kuzungumza.

Zingatia namna kazi hii ilivyofanywa. Mtu aliambiwa sababu, akapewa kitabu, akapewa nafasi ya kuuliza, kisha akatenda kwa mkono wake mwenyewe juu ya kitu chake mwenyewe. Hayo yote yakumbukwe, kwa sababu habari ya vijiji ni kinyume chake.

Fikra ya vijiji haikuwa mbaya. Mwalimu alisema kwamba watu waliotawanyika, nyumba moja hapa na nyingine maili mbili mbele, hawawezi kupelekewa maji, zahanati wala shule. Wakikaa pamoja na kulima pamoja watapata huduma, na hatatokea mmoja wa kuwanyonya wengine. Katika maandiko yake ya 1967 juu ya Ujamaa Vijijini alitia sharti lililo wazi: watu wasilazimishwe. Na kulikuwa na mfano mwema uliotangulia. Katika Songea, vijana wa TANU walikuwa wameanza kijiji cha Litowa mwaka wa 1960 kwa hiari yao. Waliteseka, wengine wakakimbia, waliobaki wakajifunza. Kijiji kikazaa vijiji, hata vikafika kumi na saba, vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma chini ya katibu wao Ntimbanjayo Millinga. Wakawa na mashine ya kusaga, wakawa na shule yao Litowa iliyowafundisha watoto maisha ya kijiji, na mambo yao waliyaamua wenyewe katika mkutano. Rais mwenyewe alikwenda kuwaona akawasifu. Lakini Septemba 1969 Kamati Kuu ya chama ilikivunja chama kile, na mali yake ikachukuliwa. Kosa lao ni lipi? Walikuwa wamezoea kujiamulia, na wakubwa wa mkoa hawakuzoea kutoulizwa. Siku ile ndipo mtu mwenye kuona mbali angeweza kujua vijiji vitaishia wapi, kwani mti uliootesha ujamaa wa hiari ulikatwa na wale wale waliotumwa kuupanda kila mahali.

Bonde la Rufiji lilikuwa limepata mafuriko makubwa mwaka wa 1968, na watu wakahamishwa kutoka bondeni kwenda nchi ya juu. Kutoka majini kulikuwa na busara. Lakini Mrufiji alikuwa akiishi kwa yale mafuriko. Yalimletea rutuba ya mpunga wake, na babu zake walijua lini wapande dungu na lini washuke. Alipowekwa juu, shamba lake likawa mwendo mrefu, na ngedere na nguruwe wakala kabla yake. Katika Ismani, mkoani Iringa, palikuwa na wakulima wa mahindi waliojenga mashamba makubwa kwa matrekta. Siku ya Krismasi mwaka wa 1971, Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, alikwenda shambani kwa mkulima mmoja, Saidi Mwamwindi. Wakagombana, na Mwamwindi akampiga risasi, kisha akauchukua maiti mwenyewe akaupeleka polisi. Alihukumiwa kunyongwa. Nafsi mbili zilipotea, na hakuna aliyeshinda.

Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini si jambo la hiari tena. Ni amri, na hata mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe amekwisha hamia. Zikaanza operesheni. Malori yakaja, mara nyingine pamoja na mgambo, watu wakapakiwa na vyombo vyao wakashushwa penye alama za vigingi kando ya barabara. Penye ukaidi nyumba zilibomolewa, na mahali pengine zilichomwa ili mwenyewe asirudi. Wakuu wa wilaya walishindana nani amalize mapema, na katika mashindano yale hakuna aliyekuwa na wakati wa kuuliza kama pale pana maji, au kama udongo unafaa, au msimu wa kupanda umefika. Katika muda wa miaka michache watu wapatao milioni 13 walikuwa wakihesabiwa katika vijiji zaidi ya 7,000. Jamii nzima ilikuwa imehamishwa, na jambo kama hilo halikupata kuonekana katika Afrika ya upande huu.

Mvua zilikuwa mbaya miaka ile, 1973 na 1974, na bei ya mafuta ikapanda duniani. Si haki kuyatwika malori ya operesheni njaa yote iliyoonekana. Lakini si haki pia kuitwika mbingu peke yake, kwani mtu aliyehamishwa wakati wa kulima halimi. Serikali ikatumia fedha zake za kigeni kununua nafaka nje. Mwaka wa 1976 vyama vya ushirika vya wakulima navyo vikafutwa, na kazi yake ikapewa mashirika ya Serikali, ambayo yalichelewa kununua mazao na kuchelewa zaidi kulipa. Na shamba la pamoja, ambalo ndilo lilikuwa roho ya ujamaa wenyewe, halikukua. Mtu alikwenda huko siku zake za zamu kwa sababu jina lake linaitwa, kisha akakimbilia shamba lake. Mwalimu hakuficha. Katika kijitabu alichokitoa mwaka wa 1977, Azimio la Arusha Baada ya Miaka Kumi, alikiri kwamba Tanzania bado si nchi ya kijamaa wala ya kujitegemea, na akayataja makosa mengi kwa majina yake. Watawala wanaoandika hivyo wakiwa bado madarakani ni wachache.

Hata hivyo, kutoka katika vijiji vile vile kulitoka kitu kingine. Watu walipokuwa wamekwisha kukusanyika, Halmashauri Kuu ilipokutana Musoma mwezi wa Novemba 1974 iliamua kwamba katika miaka mitatu kila mtoto wa umri wa shule awe shuleni. Mwaka wa 1961 watoto wa shule za msingi hawakufika nusu milioni. Mwaka wa 1980 walizidi milioni 3. Walimu wa kutosha hawakuwako, basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, makumi ya maelfu, wakafundisha asubuhi na kujifunza ualimu alasiri pale pale vijijini, kwa vitabu na kwa redio. Elimu ilikuwa nyembamba, na hilo halikatazwi kusemwa: madarasa yalifurika, vitabu vilikuwa vichache, na katika watoto mia waliomaliza darasa la saba hawakufika kumi waliopata sekondari. Lakini palipokuwa na watoto wa mjini na watoto wa wakubwa peke yao, sasa alikuwako mtoto wa Mgogo mchunga ng'ombe, wa Mmakonde na wa Mrufiji, mvulana na msichana, na wote walifundishwa kwa lugha moja ya Kiswahili.

Miaka ya shida ikafuata. Mwaka wa 1977 Jumuiya ya Afrika ya Mashariki ikavunjika. Mwaka wa 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, na vita vilivyomtoa vilikula fedha za nchi. Mafuta yakapanda tena. Madukani sabuni, sukari na nguo vikawa vya kupanga mstari. Karatasi ikaadimika, hata vitabu na magazeti ya watu wazima yakakosa. Hapo ndipo kisomo kilipoanza kudhoofu. Anayejua herufi na hana cha kusoma husahau, kama aliyehifadhi juzuu zake akaacha kuzidurusu. Gazeti la Elimu Haina Mwisho, lililokuwa likitoka Mwanza kwa ajili ya waliomaliza ngumbaru, ndilo lililokuwa durusi yao, na gazeti halichapwi bila karatasi. Mwalimu alistaafu urais mwaka wa 1985, akamwachia Ali Hassan Mwinyi, na mwaka uliofuata Serikali ikapatana na Shirika la Fedha la Kimataifa kwa masharti yake. Michango na ada zilirudi shuleni, na watoto wakapungua. Wengi waliopungua walikuwa wa maskini. Mwaka wa 1991 masharti ya viongozi ya Azimio la Arusha yalilegezwa huko Zanzibar, na kiongozi akaweza tena kuwa na hisa na nyumba za kupangisha. Mwalimu alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Mwaka wa 2001 ada za shule za msingi zilifutwa mara nyingine, na watoto wakarudi kwa wingi hata majengo hayakutosha. Hesabu ya watu ya 2012 ikaonyesha kwamba katika kila watu wazima 100 wapatao 78 walijua kusoma na kuandika. Ni wengi kuliko wa 1967, tena kwa mbali, na ni wachache kuliko waliotangazwa mwaka wa 1986.

Mashamba ya pamoja yamekwisha, na anayeyatafuta leo atakuta vichaka. Vijiji vingi vipo mahali pale pale vilipowekwa na malori, lakini wakaao humo hulima kila mtu lake. Katikati ya kijiji mara nyingi pana shule, na jengo lake la kwanza ni la miaka ile.

Nchi jirani nazo zina sehemu yao katika habari hii. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 walipewa ardhi Ulyankulu, kisha Katumba, na baadaye Mishamo, katika misitu ya Tabora na Rukwa, wakawekwa katika vijiji vilivyopimwa kwa mfano ule ule wa miaka ile, na watoto wao wakasoma mtaala wa Tanzania kwa Kiswahili. Mwaka wa 1980 Wanyarwanda wapatao 36,000 waliokuwa wamekimbilia huko tangu zamani walipewa uraia. Warundi wa 1972 walingoja zaidi. Mwaka wa 2008 waliulizwa, na safari hii kweli waliulizwa, kila mtu achague kurudi kwao au kubaki. Wapatao 162,000 waliochagua kubaki walikubaliwa kuwa raia, na vyeti vyao vikaanza kutolewa mwaka wa 2014. Wengine makumi ya maelfu walichagua kurudi Burundi, nao walifika huko na watoto wao waliozaliwa Katumba na Mishamo, ambao Kirundi walikijua nyumbani tu, na herufi zao zote walizipata katika Kiswahili.